Wasifu wa Bwana Usicheke, Mpiga Picha wa Vipepeo Wahamao

Marehemu kaka yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Usicheke, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi cherehani na mkewe. Alikuwa na miaka tisa vita vilipotufukuza. Kijiji chetu leo ni vichaka. Mimi mdogo wake, ninayesoma hapa, nilivuka mpaka nikiwa mgongoni kwake.

Shule aliianza upya ugenini, kwa lugha asiyoijua. Walimrudisha darasa la kwanza, kati ya watoto waliomfika kifuani, nao wakawa wanagombania kukaa nyuma yake ili mwalimu asiwaone. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika studio iliyo jirani na ofisi ya uhamiaji, na baadaye akainunua. Kazi yake kubwa ilikuwa picha za pasipoti. Kila mteja aliambiwa, "Kaa wima, usicheke," na jina likamganda. Lakini kila mwaka vipepeo weupe walipopita juu ya mji, alifunga studio akapanda paani na kamera, wateja wakabaki wanang'aka mlangoni. Picha zenyewe zilikuwa mbingu tupu yenye vidoa. Nilimtania, "Kaka, hizi si punje za mchele?" Akanijibu, "Na sisi tulipokimbia, aliyetuona kwa mbali aliona nini?"

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na shemeji yangu, muuguzi. Walijaliwa binti na kijana. Kijana alipokuwa mdogo aliuliza kama vipepeo hurudi. "Wanarudi," baba yake alisema. Baadaye mtaalamu wa wadudu aliyeleta filamu kusafishwa alimweleza kwamba kipepeo hana umri wa kwenda na kurudi. Wanaorudi ni uzao wa walioondoka. Siku hiyo kaka alikataa chakula.

Agosti 2016 kijana, baada ya kutafuta kazi hadi kuchoka, aliamua kwenda ng'ambo kwa njia za panya. Baba yake alimpiga picha kabla hajaondoka. Hakumwambia asicheke, na kijana hakucheka. Alipiga simu mara moja akiwa njiani, akasema wanasubiri lori. Tangu hapo, kimya. Kaka aliendelea kupanda paani, ila sasa alipiga wale wanaorudi tu, ingawa alijua si wale walioondoka.

Januari 2022 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Shemeji akawa anapanda badala yake, huku akilalamikia magoti, na kumletea picha zilizokatika nusu. Kaka alizisifu zote. Kiharusi cha pili kilimchukua hospitalini asubuhi ya tarehe 19 Mei 2023, mkewe akiwa kando yake.

Mchapaji wa ratiba hii ya mazishi aliuliza, "Huyu kijana nimweke wapi?" Nilifungua kinywa, shemeji akanikatiza: "Mweke kwa walio hai. Baba yake ndiye aliyesema wanarudi."

Marehemu ameacha mjane, mdogo wake mmoja, binti, wajukuu wawili, na kijana wake. Mimi tumaini hilo sina. Nimelisoma kwa sababu nimetumwa.

Apumzike mahali ambapo hakuna atakayemhamisha.