Verdell Amos Tolliver, Aliyewanyanyua Aliowaangusha

Marehemu Verdell Amos Tolliver alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1956, hapa Pine Hollow, Alabama. Alikuwa mtoto wa kwanza wa hayati Lemuel Tolliver, fundi wa kiwanda cha mbao, na Mama Odessa, ambaye tunaye hapa kiti cha mbele. Alizaliwa na kilo tano. Mama hajawahi kumsamehe kwa hilo, na mimi Earlene, mdogo wake, nilikuwa nalisikia kila mwaka siku yake ya kuzaliwa, pai ya viazi vitamu ikikatwa.

Alisoma shule zote hapa hapa, Mama akiwa mpishi wa shule. Mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kurushwa na kukimbizwa kwa mikono, alianza akiwa na miaka kumi na minne. Kocha alimweka kwenye ulinzi, ambako kazi ni moja: kumfikia mrushaji wa wapinzani kabla hajaachia mpira, na kumlaza chini. Katika mechi yake ya kwanza, Septemba 1970, alimlaza kijana wa watu, akamwacha palepale akaanza kucheza dansi. Mama alishuka jukwaani na aproni yake ya jikoni, akaingia uwanjani mbele ya umati.

"Verdell, yule uliyemwacha chini ni mtoto wa nani?"

"Sijui, Mama."

"Ni mtoto wa mtu. Nenda kamnyanyue."

Tangu siku hiyo, aliyeangushwa na kaka yangu hakuinuka peke yake. Alihitimu Chuo cha Mtakatifu Barnaba mwaka 1978 na shahada ya ualimu wa michezo, na mwezi uleule akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Toledo. Alicheza misimu tisa. Aliwaangusha warushaji mara sitini na moja, na wote sitini na mmoja aliwapa mkono.

Ndugu wengine walishauri jambo linalofuata lisiandikwe. Mama amesema liandikwe.

Tarehe 4 Januari 1981, Toledo walicheza na Omaha, na mshindi angeingia fainali. Zilibaki dakika mbili, Toledo wakiongoza kwa pointi nne. Verdell alimfikia mrushaji wa Omaha, Duane Kessler, akamwangusha kweli kweli. Mpira ukamponyoka Kessler, ukabaki nyasini karibu na kiatu cha kaka yangu. Angeinama tu akauchukua, mechi ingekwisha. Aliinama, ni kweli, lakini alimpa Kessler mkono.

"Filimbi imelia?" Kessler aliuliza, mkono ukiwa tayari ndani ya mkono.

"Nadhani," alijibu Verdell.

Haikuwa imelia, na kabla ya filimbi mpira ni wa yeyote anayeuwahi. Mchezaji mmoja wa Omaha aliuokota ule mpira akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, pointi sita, Omaha wakashinda, na Toledo hawakufika tena karibu na fainali maisha yote ya kaka yangu pale. Kocha wao alimwambia, "Tolliver, wewe unalipwa kuwaangusha. Kuwanyanyua kuna watu wake." Huku nyumbani, kinyozi wetu alimpa jina la Msamaria. "Karibu kiti, Msamaria," alikuwa akimwambia, "au nikunyanyue mimi?" Verdell alicheka kuliko wote. Mama hakucheka. Aliamini kwamba ni yeye aliyemnyima mwanawe kombe siku ile aliposhuka jukwaani, na aliubeba mzigo huo miaka arobaini bila kumuuliza.

Tarehe 18 Juni 1983 alifunga ndoa na Arletha Mims, mwalimu wa hesabu. Alipokwenda kuposa, baba wa Arletha alimweka barazani muda mrefu akimtazama.

"Wewe si ndiye yule?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Basi ingia, kambare wanapoa. Ila mpira hatuzungumzi."

Walijaliwa mabinti wawili, Renita na Corliss.

Alistaafu mwaka 1987, magoti yote mawili yakiwa yamekwisha, akarudi kufundisha shule ileile aliyosoma. Aliifundisha timu yake miaka ishirini na minne. Sheria ya Mama aliibakiza, akaiongezea kidogo: "Sikilizeni filimbi kwanza. Halafu mnyanyue."

Mwaka 2015 alianza kupotelewa na kumbukumbu. Madaktari walisema ni yale mapigo ya kichwa ya miaka mingi. Alisahau njia ya kanisani, kisha jina langu, na hilo liliniuma sana, sitaficha. Agosti mwaka huu Mama alikaa naye barazani, akapata moyo wa kuuliza.

"Baba, ile mechi ya Omaha. Unanilaumu?"

"Mechi gani, Mama?"

Mama alilia. Alikuwa amechelewa kuuliza. Kisha alipotaka kuinuka kitini, Verdell, ambaye asubuhi ile hakuweza kufunga vifungo vya shati lake, alisimama akampa mkono.

Alifariki akiwa usingizini nyumbani kwake, Jumatatu tarehe 11 Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka 65. Kesho yake ilipigwa simu kutoka Omaha, na aliyepokea ni Mama. Alikuwa Kessler, akiomba awe mmoja wa wabeba jeneza.

"Mwanangu, wewe una miaka mingapi?" Mama alimuuliza.

"Sabini, mama. Nimeangushwa na watu wengi, na majina yao siyakumbuki. La Verdell nalikumbuka."

"Basi uje," alisema Mama. "Na uje mapema, ule kwanza."

Marehemu ameacha mama yake Odessa, mjane wake Arletha, mabinti zake Renita na Corliss, wajukuu wanne, dada mmoja, ambaye ni mimi, na vijana aliowafundisha, ambao idadi yao hatukuweza kuipata. Wabeba jeneza ni watano kati ya vijana hao, na wa sita ni Bwana Duane Kessler, yule pale kando ya Mama, ambaye amekula.

Filimbi imelia, kaka. Safari hii nimeisikia mwenyewe. Lala kwa amani ya Mungu. Sasa tunakunyanyua.