Erastus Maluki, Fundi wa Sakafu wa Landless

Marehemu Erastus Maluki Wambua alizaliwa tarehe 9 Aprili 1972 mtaani Landless, Thika, mtoto wa tatu wa Mzee Wambua na Mama Nzisa, waliokwisha kututangulia. Mama yake alikuwa mvunaji wa mananasi.

Alisomea hapa Thika na kufanya mtihani wa KCPE mwaka wa 1987. Alipita vizuri, ila karo ya sekondari haikupatikana. Jambo hilo hakupenda kuulizwa.

Alianza kazi ya mjengo mwaka wa 1990, akichanganya simiti. Kuweka tiles alifunzwa na Mzee Simeon Muriithi wa Kiganjo, ambaye kwa miezi mitatu hakumruhusu kugusa hata tile moja mpaka ajue kusawazisha sakafu.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa kanisani na Kavata, wakajaliwa watoto watatu.

Kufikia mwaka wa 2014, fundi wa Thika alikuwa akilipwa shilingi mia mbili kwa mita ya mraba. Kwa hivyo mwaka huo, Maluki alipopata kazi ya gorofa Ruiru kwa mia mbili hamsini, alirudi nyumbani akiimba. Wiki ya pili, wakila githeri, fundi mwenzake Odongo kutoka Nairobi alimwambia bila kuficha kwamba yeye alikuwa akilipwa mia nne. Walikuwa wakiweka tiles chumba kimoja, kila mtu na upande wake.

Maluki alimwendea msimamizi.

"Nyinyi wa Thika rent yenu ni ya chini," msimamizi akamwambia.

"Kwani hii floor inajua mimi nalala wapi?"

Akaosha mwiko, akafunga vyombo vyake, akaondoka. Odongo naye akaweka chini kifaa chake cha kukatia, ingawa hakuwa na deni kwa Maluki. Maluki alikaa wiki tano bila kazi. Mkewe Kavata alilisha nyumba kwa kuuza mandazi, na hakusema ni furaha. Siku nyingine alimwambia mumewe wazi kwamba watoto hawali heshima. Wiki ya sita msimamizi alipiga simu: mia tatu themanini, kwa kila mtu.

Baadaye Maluki alipoanza kuchukua kandarasi zake mwenyewe, aliwalipa mafundi wote bei moja, watoke hapa Theta au watoke Nairobi. Hakutajirika. Ila alinunua ploti hii ya Theta tunapomlaza leo.

Mwaka wa 2022 alianza kukohoa. Daktari alisema vumbi la kukata tiles lilikuwa limeharibu mapafu. Alikubali, kwa kuwa miaka ishirini hakuwahi kuvaa barakoa. Jioni ya mwisho alikuwa na binti yake Nzisa, ambaye ni fundi wa tiles Nakuru.

"Huko mnalipwa ngapi?"

"Mia tatu hamsini, baba. Ni chini ya Ruiru."

"Na wanaume?"

"Hiyo hiyo."

"Haya," akasema, akaomba maji. Alifariki kesho yake, tarehe 3 Novemba 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Thika, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Kavata, watoto Nzisa, Mutua na Rachael, dada yake Selpha, wajukuu wanne, na mafundi wengi wanaomwita mwalimu.

Mungu ampokee na kumpa pumziko, na magoti yake yasimuume tena.