Baba wa Kiwanda Anasubiriwa Pasiansi

Hebu sema wewe: bosi wako akisimama asubuhi akatangaza kwamba hapa kazini sisi ni familia moja, huwa unapiga makofi ukaendelea na shughuli zako, au unaamini? Ng'washi aliamini. Ndiyo maana Alhamisi ile jioni kijiwe cha Kirumba, ubao mmoja mrefu juu ya matofali ukitazamana na geti la kiwanda cha minofu, kilikuwa kimechemka kuliko birika la Mzee Otuoma, muuza kahawa. Ng'washi tunamwita Friza, kwa sababu hupanga maboksi ya sangara kwenye chumba cha baridi na hutoka humo na koti zito hata jua likiwaka. Kulia kwake alikaa Selestina, Mama Kisu, mkata minofu wa kiwanda hichohicho. Kushoto, Gidion, Digrii, msomi wa human resource asiye na kazi, aliyeomba nafasi pale getini hadi mlinzi sasa humuulizia hali ya mama yake. Gidion alikuja na hasira zake za kila siku. Alichokikuta kikamfanya azisahau.

— Rudia, Friza. Umemwambia nini meneja?

— Nimemwambia: Baba, Jumamosi naenda kuposa Pasiansi, kwa kina Rozina. Mzee wangu alishafariki. Nakuomba usimame wewe.

— Meneja mkuu? Yule wa gari jeusi?

— Si tunaimba kila asubuhi, mkono kifuani? Kampuni ni mama, meneja ni baba. Mimi Msukuma, Digrii. Kwetu haendi mtu kuposa bila baba.

— Naye akasema?

— Akanigonga begani. "No problem, family."

Gidion alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Ndugu yangu, hiyo si ahadi. That is corporate culture. Nimeisoma semesta nzima. "No problem" maana yake nipishe nipite.

— Acha wivu, alisema Selestina. Baba atakuja. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na HR.

— Methali haisemi hivyo, Mama Kisu.

— Ya kwetu kiwandani inasema hivyo. Atakuja na HR, na bango la kampuni. Wakwe watasaini mahudhurio kwanza.

— Na ng'ombe wa mahari watapita kwenye mizani, Gidion akaongeza. Asiyefika kiwango anarudishwa.

— Rozina ataanza na probation. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe ovaroli.

— Akizaa, mtoto anapewa kitambulisho wodini. Performance review kila jino linapoota.

Hata Friza alicheka. Ila alikuwa akisugua vidole vya miguu, na Gidion aliliona hilo. Mwezi uliopita Friza aliomba soksi nzito za kuvaa ndani ya buti. HR wakamjibu kwamba ndugu huvumiliana.

— Ninyi chekeni, alisema. Wakwe wameshaambiwa baba anakuja. Nikitokea peke yangu, Rozina naye atanionaje? Damu nzito kuliko maji.

— Na maji ya friza mazito kuliko damu, alisema Mzee Otuoma akimimina. Yameganda.

Hapo akafika mama mmoja wa makamo, kitenge kimekazwa, anauliza kijana Ng'washi ni yupi. Ubao mzima ukasimama.

— Shikamoo, mama, alisema Friza, na koti akalivua. Mgeni huyo alikuwa Modesta, shangazi yake Rozina.

— Marahaba, baba. Kaeni. Nimetumwa jambo dogo. Kikao chetu huanza kwa baba kumtaja kijana wake: jina, ukoo, alikotoka. Huyo baba yako wa kiwandani, anakutajaje?

Selestina akaanza kukifunga upya kisu chake cha kazini.

— Huwa ananiita... "family", alisema Friza.

— Na mwenzako wa kazini, anamwitaje?

— Naye family.

Aliyemjibu shangazi ni Mzee Otuoma, tena bila kuondoa macho kwenye birika.

— Ng'washi wa Mhoja, wa Magu. Kahawa chungu, kashata hataki. Mguu wa kushoto unamsumbua tangu ahamishiwe friza. Akimtaja Rozina, anaacha kikombe kinapoa.

Shangazi Modesta alimnyooshea mzee huyo kidole.

— Basi baba ndiye huyu hapa.

— Mjaluo amposee Msukuma? alisema Selestina.

— Yule wa gari jeusi ni kabila gani? aliuliza Otuoma. Mlimkubali bila kumuuliza.

Kijiwe kikalipuka. Modesta alicheka akishika kiuno, Selestina akadai yeye ndiye mama wa kambo, na Friza, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akaomba kashata. Gari jeusi lilikuwa linatoka getini, meneja mbele, HR nyuma, vioo vimepandishwa. Gidion akapanda juu ya ubao.

— Meneja, nawe HR uliyekaa nyuma! Jumamosi saa nne, Pasiansi. Mbuzi ameshafungwa. Njooni mkae na wageni, baba tumeshapata. Msipokuja, Jumatatu litoeni hilo neno "baba" kwenye wimbo wenu. Na mje msije, huyu anaitwa Ng'washi wa Mhoja: mpeni soksi zake.