Mtani wa Mbwa wa Memsabu

Benchi la Muharami muuza kahawa lilikuwa ubao mmoja juu ya mawe mawili, hapo Kihesa, mahali upepo wa Iringa unapouma hata jua likiwaka. Asubuhi ile Fanueli mpishi aliketishwa kwenye ncha ya mbali, maana Muharami hakutaka mate ya mbwa yamfikie. Mbwa mwenyewe alikuwa mapajani, kadogo, manyoya yamemfunika macho na kushikana madonge, ngozi imeanza vidonda. Aliyekuwa akimkata manyoya ni memsabu, yule mama wa Kiingereza, kwa mkono wake, na memsabu kazikwa mwezi uliopita. Fanueli alikuwa amejaribu mara mbili, mkono ukatetemeka, akaogopa kumtoa jicho. Mbwa hakuwa akila tena. Miaka kumi na mmoja kampikia yule mama, na hiki ndicho alichoachiwa. Aliogopa asije akakizika hicho nacho.

— Nani atamnyoa? Nimekuja kutaka shauri, jamani, sikuja kuchekwa.

— Mimi usinitazame, — alisema Liberatus kinyozi, Mngoni wa Songea. — Mkasi huu unapita kwa mashehe na makatekista. Wakisikia umepita kwa mbwa, nitakula nini?

— Mpeleke kwa mkata manyoya ya kondoo kule shambani, — alisema Muharami.

— Yule humkalia kondoo shingoni. Huyu atabaki chapati, — alisema Fanueli.

— Hamjui mila nyie! — alidakia Jailos, tarishi wa boma, ambaye kijiwe kizima kilimwita Sheria. — Mbwa huyu kafiwa. Na mfiwa hanyolewi na yeyote tu, hunyolewa na mtani wake. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji!

Methali za Sheria ziliachwa zipite kama vumbi la malori.

— Mtani wa mbwa wa Mwingereza ni nani? — aliuliza Muharami.

— Mjerumani. Si wamepigana mara mbili? — alijibu Sheria.

— Hapo kweli, — alikubali Liberatus. — Sisi Wangoni na Wahehe tulichinjana, leo ni watani, tunazikana.

— Yuko Mjerumani mmoja mzee kule Mbeya, — alisema Muharami.

— Mbeya mbali. Mtani wa mbwa tangu kuumbwa ni chui, — alisema Sheria.

Hakuna aliyecheka. Walianza kuulizana chui ataletwaje.

Asukile, dereva wa lori kutoka Mbalizi, alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake akisubiri lori litengenezwe. Hawakumjua.

— Samahani, wazee. Na huyu baba je? Yeye nani alimnyoa?

Fanueli alijishika kichwa, nywele zimejaa. Siku ya mazishi alisimama nje ya uzio wa makaburi, kamshika mbwa. Hakuna aliyempa pole. Hata hapa kijiweni aliulizwa kama kazi bado ipo.

Liberatus aliinamisha uso. Saa nzima alikuwa akimtafutia mbwa mtani, naye Fanueli ni Mhehe, mtani wake yeye.

Aliinuka, akaomba maji ya moto kwa Muharami, akamlowesha Fanueli kichwa, akatoa wembe.

— Nisamehe, mtani.

Wembe ulipofika kisogoni Fanueli alilia kwa sauti, bila kuona haya. Liberatus alipomaliza, aliuchukua mkasi wake, akaufuta, akamwekea mkononi.

— Na wateja wako? — aliuliza Muharami.

— Nitanunua mwingine.

Fanueli alinyoosha mkono, akautazama. Ulikuwa umetulia. Akaanzia juu ya macho ya mbwa.