Gwaride la njiani

Basi lilipotoka Mlandege, Bi Shemsa alishindwa kuvumilia. Simu ya mzee aliyekaa ubavuni mwake ilikuwa inapiga gwaride la Kimarekani, matarumbeta na ngoma.

"Shikamoo, mzee. Zima, tafadhali. Nnakwenda msibani."

"Marahaba. Hata mimi, nnakwenda kumzika Tahir wa bendi."

Kumbe maiti wao mmoja. "Na ndiyo unampigia tarumbeta?"

"Gwaride hili tumelipiga naye miaka thelathini, na hakuna aliyeturekodi. Nikiwasikiliza hawa Wamarekani na kufumba macho, namsikia Tahir."

"Msomee Yasini."

"Yasini nitamsomea kaburini. Hili la njiani."

Hata hivyo alizima. Vidole vyake vitatu viliendelea kubonyeza goti kama vitufe vya tarumbeta. Mtoni, Bi Shemsa alishuka pamoja naye, amenuna, miguu yake ikifuata gwaride.