Pai ya Bibi Mkwe

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aende Montreal akaliulize basi lenyewe. Mbele yangu alikaa kijana aliyejitaja Kirby, mtu wa Alberta, anakwenda kula Krismasi kwa bibi wa mchumba wake. Alikuwa akimlalamikia mama wa kiti cha pili, ambaye hawakujuana. “Mwaka jana nilimwambia bibi kwa Kifaransa ‘je pense’ pai yake ya nyama ni tamu. Akanisusa mpaka Pasaka, na bila baraka yake harusi hakuna.”

Mama akacheka mpaka kofia ya sufu ikamshuka machoni. “Mdomo umejaa pai, halafu unamwambia unadhani? Kudhani ni kwa asiyeonja, mwanangu. Sema ‘je trouve’: umeonja, umeona mwenyewe.”

“Kwetu, kwa Kiingereza, neno ni moja tu, mama. Kwa pai, kwa mvua, na kwa Mungu.”

“Mungu ana lake la tatu. Leo wewe ishia kwenye pai.”

Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia nimefasiri Kifaransa miaka arobaini, na ‘je pense’ inatosha kabisa.

Mama akanikazia macho. “Mzee, si wewe uliyekuwa ukiendesha basi hili hili? Unataka kijana wa watu akose mke? Haya, mlipe fidia.”

Basi likasimama. Nikatoa kikapuni mwangu chupa ya achari ya nyanya aliyoipika mke wangu, ile isiyokosekana kando ya pai hiyo. Kirby akashuka nayo, midomo ikirudia neno lake jipya. Nadhani bibi alifurahi. Nasema nadhani, maana mimi sikuonja.