Papa Symphorien Alikunywa Kwanza, Njo Akapima

Ninyi vijana wa ofisi munaosema Buleusa kule milimani iko mbali, ya kama wakulima wawape wachuuzi wa barabarani kahawa yao na sisi tuipokee hapa Bweremana tukiwa tumekaa: hamuna haya. Muzee hajatoa hata koti lake ku musumari, na ninyi munataka kufunga njia yake. Someni kwanza hii karatasi. Nyama ya sherehe ya kumuaga haitakimbia.

Papa Symphorien Bauma anastaafu tarehe 30 Novemba 2017, baada ya kuinunulia koperative yetu kahawa kwa miaka kumi na tisa. Aliingia 1998, wakati kila muntu alikuwa anakimbia vita kutoka milimani. Yeye akaomba kazi ya kupanda mulima na kununua huko. Tulifikiri kichwa chake si kizima.

Wengine wananunua kahawa kando ya barabara, kwa muntu aliyeinunua kwa mwingine, na hakuna anayejua nani aliilima. Symphorien alifika mupaka ku kiwanja cha nyumba. Alitazama muti wenyewe, akauliza wanatia nini chini yake. Majani ya ndizi na mavi ya mbuzi, vizuri. Dawa ya duka, hapana. Wateja wetu wa ng'ambo wanataka kahawa ya vile, na wanataka bei nzuri ifike mukononi mwa mukulima, isibaki katikati ya njia.

Na hakupima kitu mbele ya kunywa. Alikuwa na kikaango kidogo mu mufuko wake. Aliomba kiganja kimoja cha kahawa, mama wa nyumba akaikaanga, wakaitwanga mu kinu cha sombe, yale majani ya muhogo, na nyumba nzima ikakunywa naye. Mara ya kwanza Buleusa walimucheka. Walilima kahawa tangu wakati wa babu zao na hawakujua ladha yake. Muzee mumoja akatema, akamwuliza, "Papa, hii njo tunavunja mugongo juu yake?" Symphorien akamwonyesha matunda ya kijani aliyochuma pamoja na yale mekundu. Musimu uliofuata muzee alichuma mekundu tu, na alimungoja Symphorien na sukari tayari.

Kuendesha pikipiki hakujua, tuseme kweli. Aliangukia kila mutaro kati ya hapa na Walikale, na kila mara alisema mutaro ulisogea.

Musimu mumoja tu hakupanda. Ilikuwa 2012, vita ilikuwa imefunga njia kwa wanunuzi wa kahawa. Mama Kyakimwa wa Buleusa alisikia ya kama askari ku bariere ya njiani wanachukua kahawa, lakini wanaobeba samaki hawawasumbui. Basi akatafuta magunia ya sambaza, wale samaki wadogo, yale wachuuzi wanapandisha kutoka huku ziwani, akajaza kahawa ndani na kutia samaki kidogo juu. Akaituma na wachuuzi haohao wakishuka. Askari waliziba pua, wakaacha ipite. Ilipofika, dipo yetu nzima ya kahawa ilinuka soko ya samaki.

Symphorien akakaanga, akakunywa kikombe kizima bila kukunja uso. Kisha akasema, "Hii ilikuja ikiogelea."

Wakubwa wa komite walitaka kuirudisha, na kuacha Buleusa kabisa. Yeye akasimama, akawaambia kosa si la mama, mama hakumuona muntu wa kukunywa naye. Ng'ambo ile kahawa haikuweza kwenda. Tuliilipa, tukaikunywa wenyewe hapa dipo, musimu muzima. Hata leo nikipita kwa wauza samaki, ninatafuta sukari.

Njia ilipofunguka, alipandia kwa Mama Kyakimwa mbele ya wote, na magunia mapya mugongoni. Toka siku hiyo wachuuzi wamepita kwake na maneno matamu. Yeye anawajibu, "Yule alikunywa samaki yangu. Ninyi mulikunywa nini?"

Njo vile Buleusa inakaa yetu. Musipopanda kwao, watachuma kijani na nyekundu pamoja, juu hakuna atakayeonja. Mwaka mwingine watangʼoa miti, na wana wao watakwenda ku migodi ya Bisie kuchimba mawe ya madini. Mutakuwa na ofisi nzuri na dipo tupu.

Papa Symphorien, aksanti kwa magoti yako yote yaliyochubuka. Kaa nyumbani, ulale mupaka jua lipande, ule sombe ya moto, na muntu asikupeleke tena mu mutaro. Tunakupenda, hata ukiimba vibaya vile.

Na ninyi: kikaango chake iko hapa, juu ya meza yangu ya kuchambulia kahawa. Kétsia, kuonja alikufundisha yeye mwenyewe. Stéphane, pikipiki unaijua kumushinda. Jumatatu asubuhi mukuje mukichukue, mupande Buleusa. Mama Kyakimwa amekwisha kutenga kiganja chake. Mukunywe kwanza, njo mupime.